Je, Mashine Yaweza Kufanya Qiyasi?

 

Ndugu msomaji, madrasa yetu hapa pwani ilijengwa na wazee wetu kwa mawe na chokaa, nao waliikadiria kwa watoto 40. Leo watoto wapita 200. Ifikapo saa nane ya mchana chumba cha ndani huwa kama tanuri, na mtoto husinzia juu ya juzuu yake si kwa uvivu bali kwa joto. Kwa hivyo kamati ikaazimia kujenga upya, na ikatangaza kwamba mwenye rai ailete.

Rai zilizokuja zilikuwa tatu. Ya kwanza ni jengo kama yalivyo majengo mengi ya siku hizi: kuta za matofali ya saruji, madirisha ya vioo, na feni darini. Sina haja ya kuieleza zaidi, kwani kila mmoja wetu amepata kuketi ndani ya jengo la namna hiyo, umeme ukakatika, akarowa jasho. Ya pili ililetwa na kijana aliyesoma kwangu tangu alifu mpaka akakhitimu, kisha akaenda chuo kikuu kusomea usanifu wa majengo. Yeye alisema tuijenge madrasa kama kichuguu: kuta nene, matundu chini, na njia za hewa zikipanda mpaka juu ya paa kama dohani, kwani mchwa hupoza nyumba yao bila ya umeme. Ya tatu ililetwa na fundi mzee ambaye nusu ya nyumba za mtaa wetu zimepita mikononi mwake. Fundi hajui kuchora. Alikuja na dema, lile la kuvulia samaki, akaliweka juu ya meza ya kamati likiwa bado lanuka bahari. Akasema, "Maalim, jengeni hivi." Watu wakacheka. Akasema tena, "Maji yapita, samaki hapiti. Upepo upite, mtoto akae."

Sasa yule kijana wangu ni mtu muadilifu. Aliniambia, "Maalim, rai moja kati ya hizi ni yangu, na nikihukumu mimi nitajipendelea. Kwa hivyo nimeziandika zote tatu kwa maneno yaliyo sawasawa, nikaipa mashine ihukumu." Mashine aliyoikusudia ni hii akili mnemba, wengine huiita akili unde, ambayo tangu mwishoni mwa mwaka 2022 imeingia katika simu za watu na kuzungumza nao kama mtu na mwenziwe. Akaniletea hukumu yake imeandikwa vizuri, kwa Kiswahili safi kuliko cha wengi wetu. Kichuguu kimepata alama 9 katika 10. Jengo la kawaida limepata 6. Dema limepata 3. Na sababu zimeelezwa: kichuguu kina mfano uliothibiti katika mji wa Harare, ama dema ni chombo cha kunasia, nacho hakifai kuwa mfano wa nyumba ya elimu, kwani watoto watahisi wamefungwa.

Kamati ikapendezwa. Mzee mmoja akasema, "Alhamdulillahi, tumepata hakimu asiyekula rushwa." Nikaomba wiki moja. Makala haya ndiyo matunda ya wiki ile, na ya miezi iliyofuata.

Kabla sijaendelea nataka niseme jambo moja. Wako katika sisi wanaosema mashine hizi ni shetani, basi ziachwe kabisa. Neno hilo ni la mtu aliyechoka kufikiri. Waislamu walipoletewa elimu ya Wayunani hawakuitupa. Waliisoma, wakachukua na wakarudisha. Lakini vilevile wako wanaosema mashine imesema, basi yamekwisha. Hao nao wamechoka kufikiri, ila wao wamechoka kwa njia ya raha zaidi.

Suala lenyewe ni hili. Kijana alileta mfano, na fundi alileta mfano. Mashine nayo ilipima mfano kwa mfano. Sasa, kupima jambo jipya kwa kulilinganisha na jambo linalojulikana si kitu kigeni kwetu. Sisi tuna elimu yake, na jina lake ni qiyasi. Imam Shafi, ambaye sisi wa pwani hii wengi wetu twafuata madhehebu yake, aliiwekea kanuni katika kitabu chake Risala, naye alifariki mwaka 204 wa Hijra. Imam Abu Hanifa kabla yake alijulikana nayo sana. Wako waliyoikataa kabisa, kama Ibn Hazm wa Andalusia, na hoja zao si za kuchezewa. Basi kwa karne 12 wanavyuoni wamekuwa wakigombana juu ya suala hili hili: ni lini kufanana kwa vitu viwili ni hoja, na ni lini ni udanganyifu wa macho?

Mwanafunzi wa fiq'hi hufundishwa nguzo 4 za qiyasi. Iko asili, yaani jambo linalojulikana hukumu yake. Liko tawi, yaani jambo jipya. Iko hukumu. Na iko illa, nayo ndiyo sababu inayozifunga zote. Mfano unaosomeshwa kila mahali ni mvinyo. Mvinyo wa zabibu umeharimishwa. Je, kinywaji cha tende kilichochacha? Mtu mjinga atatazama rangi, au harufu, au chombo kilichotiwa. Mwanachuoni atauliza: ule wa zabibu uliharimishwa kwa nini? Kwa kulevya. Je, huu nao walevya? Ikiwa walevya, hukumu ni moja, hata kama rangi zao ni kama usiku na mchana. Na sharubati ya zabibu, nyekundu kama mvinyo wenyewe, ni halali, kwa sababu kilichofanana ni kisichokuwa na kazi.

Wakati nilipokuwa nikimweleza kijana maneno haya alinikatiza, akasema, "Maalim, haya tumeyasoma chuoni, lakini kwa majina mengine." Kisha akanieleza habari za bibi mmoja mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, Dedre Gentner, ambaye mwaka 1983 aliandika kwamba mfano wa kweli si ule wa vitu kufanana sura, bali ni ule wa mahusiano kufanana. Atomu na jua havifanani kwa rangi, wala kwa ukubwa, wala kwa joto. Kinacholinganishwa ni kwamba katika kila kimoja kiko kilicho kati na viko vinavyokizunguka. Baadaye yeye na wenziwe, Falkenhainer na Forbus, walitunga programu ya kompyuta ya kulinganisha mahusiano hayo, na wakaieleza katika makala ya mwaka 1989. Nilifurahi sana kusikia. Mtu aliyeko mbali, asiyejua usuli-l-fiq'hi, amegonga mlango uleule.

Lakini kijana akaongeza, kwa uaminifu wake, kwamba mwaka 1992 walitokea wataalamu watatu, Chalmers, French na Hofstadter, wakaipinga kazi ile. Hoja yao ilikuwa kwamba programu ile hupewa mambo yakiwa yamekwisha kuchambuliwa. Mtu ndiye aliyekaa akaamua kwamba katika jua lililo muhimu ni mvuto na mzunguko, si manjano yake. Akaiandikia kompyuta hayo tu. Kisha kompyuta ikayalinganisha. Kazi ngumu ilikuwa imekwisha fanywa kabla ya mashine kuwashwa. Na mimi nikasema: hapo hapo! Hiyo ndiyo kazi waliyoiita wanavyuoni wetu tanqihul-manati, kuisafisha illa.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, aliipanga kazi hii kwa daraja tatu, nami naomba msomaji anivumilie kidogo, kwani kila kitakachofuata kimesimama hapa. Ya kwanza ni kuitoa illa, yaani kukisia kwamba pengine sababu ni hii. Ya pili ni kuisafisha, yaani kuondosha yasiyohusika. Alikuja mtu kwa Mtume (S.A.W.) akisema kwamba ameangamia, kwani amemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani, naye akaamrishwa kafara. Mtu yule alikuwa bedui. Je, ubedui unahusika? Hauhusiki, uondoe. Mwaka ule je? Uondoe. Mke yule khasa? Mwondoe. Kinachobakia ndicho kilichobeba hukumu. Daraja ya tatu ni tahqiqul-manati, kuhakikisha kwamba illa ile, iliyokwisha kujulikana, kweli imo katika jambo hili lililoko mbele yako. Mfano wake ni kibla. Kuelekea Al-Kaaba hakuna Mwislamu asiyekujua. Lakini wewe umeshuka katika mji usioujua, wakati wa adhuhuri unapita. Vitabu vyote vya dunia vitakuambia uelekee Al-Kaaba. Havitakuambia kwamba Al-Kaaba iko upande wa ule mnazi. Hapo huna budi kutoka nje utazame jua.

Tuishike hiyo. Sasa tutazame mifano ya watu waliobuni vitu kwa qiyasi, tuone waliangukia wapi.

Al-Maqqari, mwandishi wa tarehe za Andalusia, ametusimulia habari za Abbas bin Firnas wa Kordoba, katika karne ya 9 ya Kikristo. Mtu huyu alijivika manyoya, akajifanyia mbawa, akajirusha kutoka mahali pa juu, na yasemwa aliruka masafa. Lakini aliposhuka aliumia mgongo, kwa sababu hakuzingatia kwamba ndege hutumia mkia wake anapotua. Tazama, msomaji. Qiyasi yake haikuwa ya upumbavu. Alimtazama ndege akaona mbawa, akaona manyoya. Lakini mkia aliuhisabu kuwa ni pambo, na kumbe mkia ulikuwa katika illa.

Na wengine walikosea kwa upande wa pili. Kwa karne nyingi watu walitaka kuruka kwa mbawa za kupigapiga, kwa kuwa ndege hupigapiga. Mwaka 1799 Mwingereza George Cayley alichora chombo ambacho mbawa zake zimetulia, na kazi ya kusukuma mbele akaipa kitu kingine. Aliondosha kupigapiga kama wanavyuoni walivyoondosha ubedui. Ndugu wawili Wright waliporuka mwaka 1903, mbawa zao hazikupigapiga, lakini kabla ya hapo, mwaka 1901, walikuwa wamekaa wakipima vipande vya mbawa katika sanduku la kupulizia upepo, kimoja baada ya kimoja, kwa sababu hesabu walizozipata kwa watu waliowatangulia hazikuwiana na waliyoyaona kwa macho. Hilo sanduku ndilo tahqiqi yao.

Na sasa kichuguu. Jengo lile la Harare lipo kweli, jina lake Eastgate, lilifunguliwa mwaka 1996, na msanifu wake ni Mick Pearce. Alisema amejifunza kwa mchwa. Hewa baridi ya usiku huingizwa kwa wingi, ikapoza saruji nzito ya jengo. Mchana saruji ile hutoa ubaridi wake, na hewa yenye joto hupanda ikatoka juu kwa dohani. Ni jengo la kusifiwa, na latumia umeme kidogo kuliko majengo ya namna yake (ingawa feni zimo, tusidanganyane). Lakini mwaka 2008 wataalamu wawili, Turner na Soar, waliosoma vichuguu huko Namibia, waliandika kwamba mchwa hawafanyi hivyo. Joto la ndani ya kiota chao hufuata joto la ardhi iliyokizunguka, lapanda na kushuka na misimu ya mwaka. Kichuguu kile kirefu kazi yake ni kama ya pafu, kubadilisha hewa kwa msaada wa upepo, si kupoza nyumba.

Niliposoma hayo nilikaa kimya muda. Kwani hapa pana jambo la ajabu: asili ilieleweka vibaya, na tawi likafaulu! Mfano ulikuwa na kasoro, na jengo limesimama na watu wamo ndani yake hawana joto. Katika fiq'hi hili lingekuwa msiba, kwani hukumu ya asili ikianguka, na ya tawi huanguka nayo. Katika ujenzi sivyo, na hapa ndipo nilipolazimika kukiri kwamba qiyasi ya fakihi na qiyasi ya fundi si kitu kimoja kabisa. Kwa fakihi mfano ni hoja. Kwa fundi mfano ni mkunga tu. Humtoa mtoto tumboni, kisha mtoto husimama au huanguka kwa miguu yake. Jengo la Harare halipoi kwa kuwa mchwa hufanya vile. Lapoa kwa sababu hewa ya usiku wa Harare ni baridi na saruji huhifadhi ubaridi.

Na hapo, msomaji, ndipo illa ilipojidhihirisha. Harare uko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku wake ni wa baridi hata baada ya mchana wa jua kali. Hapa petu je? Ni nani asiyeujua usiku wa pwani mwezi wa Februari? Usiku wa pwani waingia na joto lake na watoka nalo, na unyevu wake wakushika kama nguo iliyorowa. Ukijenga ukuta mnene ukaungojea usiku uupoze, utangoja mpaka subhi. Illa haimo. Wanavyuoni huiita hii qiyasi maal-fariq, kulinganisha pamoja na tofauti inayovunja. Mashine ilisema mfano umethibiti Harare, na imesema kweli. Haikutoka nje ikatazame jua.

Nataka niwe muadilifu kwa mashine, kwani nayo haikosi haki kwa kuwa haina roho. Kwanza niulize hufanya nini. Mashine hizi zimesomeshwa maandishi mengi mno ya watu, na kila neno na kila wazo limegeuzwa kuwa safu ya tarakimu, hata maneno yanayokaa pamoja katika maandishi yakakaribiana katika tarakimu zao. Mwaka 2013 watafiti wa Google walionyesha jambo lililowashangaza wengi: ukichukua tarakimu za neno mfalme, ukatoa za mwanamume, ukaongeza za mwanamke, wafika karibu na malkia. Yaonekana qiyasi tupu! Lakini wengine walipochunguza waliona kwamba hesabu ile, katika kutafuta neno la karibu, ilikuwa imekatazwa kuyarudisha maneno yaliyotumika katika suala. Ukiondoa katazo hilo, mara nyingi jibu la karibu zaidi ni mfalme yuleyule uliyeanza naye. Sisemi haya kwa kudharau. Nasema ili tujue kwamba ukaribu ni kitu kimoja na illa ni kitu kingine. Mashine za leo zimepita mbali kuliko zile za 2013, nazo hujibu mambo magumu. Lakini zimejifunza kwa waliyoyaandika watu. Habari za kichuguu na Harare zimeandikwa katika vitabu na magazeti mara nyingi mno. Dema la fundi wetu limeandikwa na nani? Katika maandishi, dema limekaa karibu na mtego, mtego umekaa karibu na kunasa, na kunasa kumekaa karibu na kifungo. Ndipo mashine ikaogopea watoto wetu wasifungwe! Imeshika harufu ya mvinyo, ikaacha kulevya kwake.

Na ubaya wa jambo hili wazidi pale rai ikiwa mpya kweli. Rai mpya ni ile ambayo haijaandikwa. Mwenye kupima kwa yaliyoandikwa ataiona iko mbali, na mbali ataihisabu kuwa ni makosa, au, ukimwambia atafute ugeni, ataihisabu kuwa ni werevu. Umbali peke yake si hili wala si lile. Wendawazimu nao uko mbali.

Baada ya wiki nilimwita kijana nikamwambia, "Mwanangu, iulize tena. Lakini mara hii usiipe majina ya kichuguu na dema. Ipe illa." Tukaandika pamoja: jengo la kwanza lategemea usiku wa baridi, la pili lategemea upepo kupita ubavu hata ubavu, na mji wenyewe uko ufukweni, una kusi na kaskazi, na usiku wake ni wa joto. Mashine ikageuza hukumu papo hapo. Ile rai ya dema ikapata 9, tena ikatusifu kwa kuuliza suala zuri. Kijana akacheka akasema, "Maalim umeshinda." Mimi sikucheka. Shahidi aliyebadilisha ushahidi wake kwa kuwa umemtazama kwa jicho kali, hujui ni lini alisema kweli. Nikamwambia aiulize mara ya tatu, maneno yaleyale, ila jengo la pili litajwe kwanza na maelezo yake yafanywe marefu zaidi. Alama zikasogea tena. Baadaye aliniambia kwamba jambo hili linajulikana. Watafiti waliandika mwaka 2023 kwamba mashine hizi zinapofanywa mahakimu wa kulinganisha majibu mawili, huweza kupendelea lililotajwa kwanza, na hupendelea lililo refu. Sayyidna Umar (R.A.), katika ile barua mashuhuri inayopokewa kuwa alimwandikia Abu Musa Al-Ash'ari juu ya ukadhi, alimwamrisha awasawazishe watesi wawili katika kikao chake na katika uso wake. Na katika barua hiyohiyo alimwamrisha ajue mambo yanayofanana apime kwayo. Maamrisho yote mawili yamo katika waraka mmoja.

Yule mzee wa kamati alisema tumepata hakimu asiyekula rushwa. Ni kweli hali rushwa ya fedha. Hula rushwa ya maneno mengi.

Lakini kosa kubwa zaidi si la mashine, na hapa nitasema na kijana wangu mbele ya wasomaji, kwani amenipa ruhusa. Yeye aliikabidhi mashine hukumu ili asijipendelee. Nia ni nzuri. Ila tazama kilichotokea: hukumu ilipotoka, hakuna aliyeibeba. Kijana alisema si yangu, ni ya mashine. Kamati ikasema si yetu, ni ya mashine. Na lau jengo lingejengwa, watoto 200 wakakaa ndani ya kuta nene wakioka, nani angeulizwa siku ile ya kuulizwa? Mashine si mukallafu. Haina hesabu, haina thawabu wala dhambi. Mujtahidi anapojitahidi akapata ana ujira mara mbili, na akikosea ana ujira mmoja, kwa sababu amejitia yeye mwenyewe katika hatari ya kukosea. Na imepokewa katika Hadithi kwamba mwenye kujifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara yake. Nami nauliza: mwenye kumpa mgonjwa dawa iliyosemwa na mashine, akajiita mpelekaji tu, je, dhamana imemwondokea? Kwa ninavyoona mimi haikumwondokea hata chembe. Na jengo ni vivyo hivyo. Kujiepusha na kujipendelea ni kwema, lakini njia yake ni kuwaita watu wawili watatu wenye ujuzi na wasio na maslaha, wakae, waseme, na majina yao yaandikwe. Mashine na ikae nao, kama mwanafunzi mwenye hifdhi kubwa akaavyo katika darsa. Ikumbushe, itaje mifano ishirini ambayo hakuna mmoja wetu angeikumbuka, ionyeshe kasoro. Katika daraja ya kwanza ya Imam Ghazali, ya kukisia illa, nimeiona yatushinda sote. Katika ya pili yasaidia, ukiisimamia. Ya tatu haina miguu ya kuiendea.

Na mimi je, sikujipendelea? Niseme kweli. Fundi yule ni rafiki yangu wa miaka 40. Nilipolisikia dema likipewa alama 3, moyo wangu uliuma kabla akili yangu haijaanza kazi. Huenda nilitafuta kasoro ya kichuguu kwa sababu nilitaka kuipata. Nilimwambia kijana hivyo, naye akanijibu kwa adabu, "Basi Maalim, na dema nalo tulipeleke nje likatazamwe jua."

Alikuwa na haki. Tukajenga ukuta mmoja wa majaribio uani, kwa matofali ya matundu, fundi akiyapanga kwa pembe kama zilivyo fito za dema, na juu tukatoa upenu mrefu kwa ajili ya mvua ya kusi. Tukaweka kikalio cha mbao nyuma yake, tukatundika vitambaa vyepesi kuutazama upepo. Darsa moja la watoto likahamia hapo kwa mwezi mzima. Upepo ulipita kama alivyosema. Vitambaa havikutulia mchana wote, na saa nane, saa ile mbaya, nilipita nikawakuta watoto wako macho. Mvua ya upande iliwarowesha mara mbili, fundi akaurefusha upenu. Tukaona kazi imekwisha.

Kisha tukafungua darsa la pili upande wa pili wa ukuta.

Msomaji aliyesoma chuoni ameshafahamu. Watoto wa madrasa hawasomi kimya. Upande huu juzuu ya Amma, upande ule juzuu ya Tabaraka, wote kwa sauti, wote wakiyumba, na kila tundu lililopitisha upepo likapitisha aya. Mtoto mmoja wa upande wa Amma alianza sura moja akamalizia nyingine, mwalimu wake akamkemea, kumbe na yeye mwalimu alikuwa amekwisha kupotea. Si mashine iliyoliona jambo hilo, wala si kijana na elimu yake, wala si mimi niliyekaa ndani ya kelele hizo umri wangu wote.

Nilimwita fundi aje asikilize. Alisimama kati ya madarasa mawili, mkono sikioni, akatabasamu, akasema, "Maalim, hili silo kosa la dema. Samaki hawasomi." Sasa anapanga ukuta wa kati upya, mzito na usio na tundu, na matundu yabaki upande wa kusi na upande wa kaskazi tu, na kijana anaichorea kamati, jina lake na la fundi yakiwa yameandikwa chini ya karatasi.